Mbizi ya Pumzi na Mbizi ya Mtungi

Barua zinazofika mezani petu kuhusu istilahi ni za namna nyingi. Zipo zinazouliza neno moja tu, na zipo zinazokuja na orodha ndefu kiasi kwamba kuzijibu ni kuandika kitabu. Barua tunayokusudia kuizungumzia safari hii ni ya namna hii ya pili. Ilitoka Mnyuzi, wilayani Korogwe, kwa mwalimu wa sekondari ambaye wakati wa likizo hufanya kazi ya tafsiri. Mwalimu huyo alikuwa amekabidhiwa makaratasi ya hoteli moja ya mapumziko iliyoko kisiwani Mafia, iliyokuwa ikisubiri kundi la wageni waliopanga kukaa juma zima wakipiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Palikuwa na ratiba ya safari, masharti ya usalama, fomu ya afya, na maelekezo kwa watumishi wa mashua.

Wageni wenyewe hawakuhitaji Kiswahili. Waliokihitaji ni nahodha na mabaharia wake, dereva, na vijana wawili waliokuwa wakijifunza kazi ya kuwaongoza wapiga mbizi. Jambo hili tunalitaja mapema kwa sababu mara nyingi watu hudhani kwamba istilahi za michezo ya kitalii ni za anasa, na kwamba Baraza lingefanya vyema zaidi kushughulikia kilimo na sheria. Katika makaratasi haya msomaji wa Kiswahili hakuwa mtalii. Alikuwa mtu anayebaki juu ya mashua akihesabu dakika, na ambaye akielewa vibaya neno moja, mtu mwingine chini ya maji huweza kufa.

Mwalimu wetu alikulia karibu na mto Pangani, na tangu utoto alijua kupiga mbizi kama wajuavyo watoto wote wa kando ya mto: mtu huvuta hewa, hufunga kinywa, huzuia pumzi, huzama, na huibuka pumzi zinapomwishia. Alipofika kwenye sharti la kwanza la usalama akakuta limeandikwa kwamba mpiga mbizi asizuie pumzi kamwe. Alilisoma mara mbili. Akaamua kwamba mpiga chapa amekosea, maana nani asiyejua kwamba anayepumua ndani ya maji hufa maji? Basi kwa nia njema kabisa akalisahihisha. Katika rasimu yake sharti hilo lilisomeka hivi: “Mpiga mbizi azuie pumzi mpaka atakapoibuka.”

Siku kadhaa baadaye, alipokuwa akitafsiri fomu ya afya na kuona jinsi ilivyosisitiza habari za mapafu, aliingiwa na shaka. Ndipo alipotuandikia, akitueleza habari hii yote bila kujificha, na kuambatisha orodha ya maneno yaliyomsumbua. Tunamshukuru kwa unyofu wake. Kosa lake lilikuwa la neno lenyewe, na mfasiri yeyote anayekijua vizuri Kiswahili angeweza kulifanya. Tena pengine anayekijua vizuri zaidi ndiye angelifanya upesi zaidi.

Hebu tuitazame dhana yenyewe. Juu ya uso wa bahari tunabeba uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na huo ndio mgandamizo wa angahewa moja. Maji ni mazito kuliko hewa kwa mbali sana, kwa hiyo kila mita 10 za kina cha bahari huongeza angahewa nyingine moja. Kwenye mita 10 mgandamizo ni wa angahewa 2, kwenye mita 20 ni 3, na kwenye mita 30 ni 4. Hewa ikigandamizwa hupungua ujazo wake kwa uwiano huohuo, kanuni iliyoelezwa na Robert Boyle katika karne ya 17.

Sasa mchukue mtoto wa Mnyuzi. Akijaza mapafu lita 5 juu ya maji na kuzama hadi mita 10, hewa ile husinyaa ikawa lita 2 na nusu. Akirudi juu hutanuka ikawa lita 5 zilezile alizoondoka nazo. Mapafu yake hayana la kuhofia. Lakini mpiga mbizi mwenye mtungi hupumua hukohuko chini, na chombo chake humpa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yaliyomzunguka. Akijaza mapafu lita 5 kwenye mita 10, kisha akazuia pumzi na kupanda juu, lita zile 5 hutaka kuwa lita 10. Kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu hupasuka, na hewa huweza kuingia katika mishipa ya damu na kupanda hadi kwenye ubongo. Jambo hili huweza kutokea hata kutoka kina cha mita chache tu, katika maji ambayo mtoto wa mtoni angeyacheka.

Kwa hiyo tuna kitenzi kimoja, kupiga mbizi, chenye kanuni mbili zinazopingana. Kwa mvuvi wa pweza na kwa mtoto wa mtoni kanuni ni kuzuia pumzi. Kwa mwenye mtungi kanuni ni kutozuia pumzi hata mara moja. Neno halikuwa na kasoro lilipoundwa. Ni ufundi mpya uliokuja kukaa ndani yake bila kubisha hodi. Ufundi wenyewe si wa zamani sana. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo kinachompa mpiga mbizi hewa pale tu anapoivuta, na ndicho kilichowezesha watu wasio askari wala mafundi wa bandari kushuka baharini kwa kujifurahisha.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini tusitumie tu mzamiaji kwa huyu wa mtungi na mpiga mbizi kwa yule wa pumzi, tukamaliza kazi. Tulilifikiria. Kitenzi kuzamia kina haki yake ya kale, kwani huyo azamiaye huzama kwa kusudi la kutafuta kitu, na kamusi zinalikubali. Lakini tusijifanye hatusikii lugha inavyosemwa mitaani. Kwa Mtanzania wa leo, hasa wa Dar es Salaam na Tanga, mzamiaji ni kijana aliyejificha ndani ya meli ili apelekwe ng’ambo bila nauli wala pasipoti. Barua rasmi inayomwarifu ofisa wa uhamiaji kwamba “wazamiaji kumi na wanane watawasili Mafia siku ya Jumatano” inaweza kuleta matatizo ambayo hakuna masharti ya usalama yaliyoyatazamia.

Pendekezo letu ni kuliacha neno mbizi libaki shina, kisha tulipambanue kwa kile apumuacho mtu. Ile ya kale tuiite mbizi ya pumzi, na hii mpya tuiite mbizi ya mtungi. Mwenye kuifanya awe mpiga mbizi wa mtungi. Neno skuba tunaliruhusu libaki kwa seti nzima ya vifaa, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka midomoni mwa vijana wa hoteli; asili yake ni herufi za mwanzo za maneno ya kigeni yenye maana ya chombo cha kupumulia majini kinachojitegemea, na kulitafsiri herufi kwa herufi hakutatufikisha popote. Ila mahali penye kanuni ya usalama mfasiri asitosheke na skuba. Aandike mbizi ya mtungi, kwa sababu mtungi unamkumbusha msomaji kwamba hewa inatoka nje ya kifua.

Hapo linakuja swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ni zito kama la kwanza: mtungi wa nini? Mwalimu alikuwa ameandika mtungi wa oksijeni, na si yeye peke yake. Hata watangazaji na waandishi wa magazeti husema hivyo. Hewa iliyomo katika mtungi wa kawaida wa mpiga mbizi ni hii hii tunayoivuta barazani, yenye oksijeni kiasi cha asilimia 21 na naitrojeni kiasi cha asilimia 78, isipokuwa imechujwa, imekaushwa na kushindiliwa. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi hugeuka sumu, na huweza kumtia mtu mtukutiko kama wa kifafa ghafla, naye akiwa ndani ya maji. Kuandika mtungi wa oksijeni, basi, ni kumtia mtu mkononi kitu cha kumwua.

Lakini hatari kubwa zaidi iko juu ya mashua. Mashua iliyotayarishwa vizuri huwa na mitungi ya namna mbili. Ipo ile ya kupigia mbizi, yenye hewa, na upo mmoja wa dharura, wenye oksijeni kweli, ambao mgonjwa hupewa avute akiwa amelala chini wakati mashua inakimbilia pwani. Ikiwa yote miwili inaitwa oksijeni, kijana aliyetumwa “lete oksijeni” ataleta mtungi ulio karibu naye. Tumependekeza mtungi wa hewa kwa huo wa kwanza na mtungi wa oksijeni kwa huo wa pili tu. Neno mtungi wa gesi lisitumike kabisa, maana siku hizi kila nyumba yenye jiko la gesi inalo, na hewa na gesi hiyo ni vitu ambavyo hakuna anayependa vichanganywe. Kuhusu upepo, tunajua kwamba kwa fundi wa baiskeli mpira hujazwa upepo, wala hatumkosoi. Lakini katika maandishi rasmi upepo ni hewa inayovuma, nayo hewa ya mtungini haivumi. Tuseme hewa iliyoshindiliwa.

Kipimo cha hewa hiyo kilituchekesha kidogo. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hadi kipimo cha 200 huwa na hewa ya kadiri ya lita 2,400, na kipimo chenyewe katika lugha za Ulaya kinaitwa kwa jina ambalo mwalimu alilitohoa kuwa baa. Sentensi yake ilisema: “Mpiga mbizi arudi juu akibakiwa na baa 50.” Baa kwa Kiswahili ni janga, na kwa lugha ya mjini ni mahali pa kunywea pombe, kwa tafsiri zote mbili mtu huyo yumo mashakani. Tunapendekeza bari, tukifuata milibari.

Kuhusu dhana ya jumla, yaani nguvu inayokandamiza eneo fulani, wafasiri watakuta maneno matatu yanayogombea kiti kimoja. Madaktari husema shinikizo, kama katika shinikizo la damu. Watabiri wa hali ya hewa husema mgandamizo. Wataalamu wa fizikia walipewa kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, nalo kwa hakika limeundwa kwa akili. Sisi wenyewe tunalipenda kanieneo katika kitabu cha shule, ambapo mwanafunzi anakokotoa. Kwa baharia tumechagua mgandamizo, kwa sababu anausikia redioni kila siku katika taarifa ya hali ya hewa, na kwa sababu mwili wake unaujua: masikio yake hugandamizwa, wala hayakokotoi. Tunatambua kwamba uamuzi huu unaacha maneno mawili kwa dhana moja, kinyume cha kanuni tunazozihubiri katika kurasa hizi. Anayeona tumekosea atuandikie.

Tulipofika kwenye vifaa, sehemu kubwa ilikuwa nyepesi, na hatuna haja ya kumchosha msomaji. Mapezi ya miguuni ni mapezi, kama ya samaki. Mrija wa kupumulia juu ya maji uitwe mrija wa mbizi, ingawa waongozaji wa Mafia na Unguja husema snokeli, na wataendelea kusema hivyo. Kile chombo cha Gagnan kinachokaa kinywani na kupunguza nguvu ya hewa ya mtungi tumekiita kipumulio, kutokana na kupumulia, kwa njia ileile iliyotupa kifunguo na kipimio. Vitu vitatu tu vinahitaji maelezo.

Cha kwanza ni ule mkanda wenye vipande vya metali ya risasi ambao mpiga mbizi huvaa kiunoni ili azame, kwa kuwa mwili wake na nguo zake za mpira huelea. Mwalimu aliandika mkanda wa risasi. Kisarufi hana kosa. Lakini tulijaribu kufikiria kundi la wageni linalopita uwanja wa ndege likiwa limeorodhesha, katika fomu ya Kiswahili, mikanda kumi na minane ya risasi. Lugha ya wavuvi inatupa neno safi kabisa, chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Mkanda wa chubwi hautamtisha mtu.

Cha pili ni fulana inayojazwa na kupunguzwa hewa ili mtu asizame mno wala asielee mno. Rasimu iliiita jaketi la kuokolea maisha. Hilo ni neno la vivuko na maboti, na kila abiria wa Nyamisati anayevuka kwenda Mafia analifahamu. Jaketi la kuokolea hushikilia kichwa cha mtu aliyezirai kisizame ndani ya maji. Fulana ya mpiga mbizi haikuundwa kwa kazi hiyo, na ikiwa haina hewa haimwelezi mtu yeyote. Tumeipa jina la fulana ya kuelea, na tumeomba liongezwe sharti kwamba haihesabiwi katika idadi ya majaketi ya mashua. Tunakiri kwamba hapo tulitoka katika istilahi tukaingia katika kazi ya nahodha.

Cha tatu ni miwani. Barakoa ilipendekezwa na mmoja wetu, lakini tangu mwaka 2020 neno hilo limekwenda hospitalini na haliwezi kurudishwa upesi. Miwani ya mbizi inatosha, alimradi ielezwe kwamba ni ile inayofunika pua. Miwani ya kuogelea, inayofunika macho tu, haina njia ya kuingiziwa hewa, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo inavyoyanyonya macho. Pua hiyohiyo ndiyo inayotumika mtu anapobana matundu yake na kupuliza taratibu ili masikio yasiume. Kitendo hiki rasimu ilikiita kusawazisha masikio, tukadhani linahitajika panga. Kiswahili kina kuzibua masikio, na hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi.

Katika maneno ya bahari tulitegemea kwamba Kiswahili kingekuwa nyumbani, na kweli kilikuwa nyumbani. Hata mji mkuu wa Mafia unaitwa Kilindoni, yaani penye kilindi, kama ilivyo Kilindini ya Mombasa. Mpiga mbizi wa starehe hufundishwa kwanza kutopita mita 18, ambazo kwa mvuvi mzee ni pima kumi, na mwenye mafunzo zaidi hukomea mita 40. Ng’ambo ya hapo ni kilindi ambacho si chake. Samaki silikanti, ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Tanga ilitengwa mwaka 2009, hukaa chini zaidi ya hapo, na mgeni anayeahidiwa kumwona amedanganywa. Papa potwe ni habari nyingine: yeye huja karibu na uso wa maji upande wa Kilindoni, hasa kati ya Oktoba na Machi, na anayetaka kumwona hahitaji mtungi. Katika sehemu nyingine za pwani yetu anaitwa papa shilingi kwa madoa yake yanayofanana na sarafu. Tumeandika potwe, kwa kuwa wenyeji wa Mafia ndio wenye mgeni.

Hata hivyo ni katika maneno haya ya nyumbani ndimo tulimokuta kosa lililofichika kuliko yote. Ghuba ya Chole, iliyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, huingia na kutoa maji kupitia mlango wa Kinasi. Maji yakijaa huingia masafi kutoka bahari kuu; yakipwa hutoka na tope la ghuba, tena kwa nguvu, na anayekamatwa na mkondo huo hupelekwa nje kwenye bahari kuu. Maelekezo yaliagiza kwamba mashua itie nanga mlangoni wakati wa ile nafasi fupi ambapo maji hayaji wala hayaendi. Mwalimu aliandika “wakati wa maji mafu”. Neno linapendeza na linaonekana kusema hivyohivyo. Lakini kwa mwanapwani maji mafu ni siku, wala si dakika: ni zile siku za robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi mwandamo ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, kinyume cha bamvua. Nahodha wa Jibondo akisoma maji mafu ataelewa kwamba juma zima ni salama, saa yoyote. Tumeandika maji yakiwa yamesimama. Si istilahi ya fahari, lakini ndivyo wanavyosema.

Kinyume chake, tulilazimika kuunda mahali ambapo pwani haikuwa na haja ya neno, yaani kurudi juu. Kuibuka, katika mbizi ya pumzi, ni kutokeza kwa mara moja, na mara nyingi kwa kishindo. Mpiga mbizi wa mtungi hatakiwi kuibuka hivyo. Naitrojeni ya hewa aliyoivuta chini ya mgandamizo imeyeyuka katika damu na nyama ya mwili wake, kama gesi iliyo ndani ya chupa ya soda. Akipanda haraka, hufanya viputo katika viungo, mishipa na uti wa mgongo. Daktari John Scott Haldane wa Uingereza ndiye aliyetoa, mwaka 1908, majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua ili kuepuka madhara hayo. Siku hizi waalimu wengi hufundisha kupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na kukaa dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka. Maradhi yenyewe tumeyaita ugonjwa wa viputo. Lilikuwapo pendekezo refu la kitabibu lenye maneno matano, tukalikataa: mtu anayeita redioni kuomba msaada hana nafasi ya maneno matano.

Kwa mwendo wa kurudi tunapendekeza kupanda, na kuibuka kubaki kwa ile hatua ya mwisho tu ya kutoa kichwa majini. Kwa zile dakika 3 rasimu ilisema kituo cha usalama, na mwalimu mwenyewe aliongeza pembeni kwamba wenzake wa Mnyuzi, watu wa reli ya Tanga, walipolisikia waliuliza kama kuna askari huko chini. Neno tuo, lenye maana ya kutua na kupumzika njiani, limelala bila kazi siku nyingi. Tumeliamsha: tuo la kupandia. Baharia aliyeko juu akiona mapovu yamesimama mahali pamoja kwa dakika hizo, ajue kwamba mambo yanakwenda yanavyotakiwa, wala asivute kamba.

Ishara za mikono si istilahi, na tungeziacha, lakini moja ina sumu ileile ya neno lenye maana mbili. Kwetu dole gumba likiinuliwa ni “safi kabisa”. Chini ya maji ni amri: tupande juu. Anayetaka kusema kwamba yu salama huunganisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, kama pete. Tumeshauri masharti yaseme hivyo waziwazi, na mwenzi wa kila mpiga mbizi akumbushwe kabla ya kushuka. Neno mwenzi, kwa njia, tumelipendelea kuliko mwenza, ambalo katika fomu za serikali limekwisha kuwa mume au mke.

Jambo la mwisho katika barua lilihusu ratiba. Siku ya saba haikuwa na mbizi, na mwalimu, akiwa na hofu sasa ya kusahihisha, aliuliza kama pameachwa wazi kwa makosa. Hapana kosa. Baada ya mbizi za siku kadhaa, mtu hushauriwa asipande ndege kabla ya kupita angalau saa 18, kwa kuwa mgandamizo mdogo wa huko angani huweza kuamsha viputo vilivyobaki. Mlima ni kama ndege iendayo polepole. Hili linawahusu wasomaji wetu wa Korogwe na Lushoto kuliko wanavyodhani, maana wapo wageni wanaopiga mbizi asubuhi pwani ya Tanga na Pangani, na jioni yake kupandishwa na gari hadi Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ili walale penye baridi. Dereva anayelalamikiwa maumivu ya magoti na ganzi ya mikono njiani baada ya Mombo anapaswa kujua kwamba huenda si uchovu wa safari. Ageuze gari na kumpeleka mgonjwa hospitali kwa njia iteremkayo, badala ya kuendelea kupanda.

Kwa siku hiyo ya saba tumeandika siku ya kungoja ndege, tukaongeza kwa herufi nzito: hapana mbizi ya mtungi. Na sharti la kwanza, lililoanzisha barua yote, mwalimu ameliandika upya mwenyewe, akatuletea kwa idhini: “Katika mbizi ya mtungi, pumua wakati wote. Usizuie pumzi hata kidogo, ushukapo wala upandapo.” Hatukubadili neno.